Kuchagua Matairi ya Mvua kwenye Gemu za Mbio za Magari: Soma Lami, Usisome Mawingu

Swali ni lile lile kila mara: "Mvua imeanza, nibadilishe sasa au nisubiri?" Likijibiwa, linafuata jingine: "Mbona nimeweka matairi ya mvua na gari bado linateleza?" La tatu huja kutoka kwa mtu aliyekuwa akiongoza mpaka karibu na mwisho: "Nilikosea wapi?" Nimeyajibu maswali haya kwa vipande vipande mara nyingi mno, kwa hiyo leo nayaweka yote mahali pamoja, kwa mpangilio unaoweza kuufuata gemu ikiwa imewashwa mbele yako.

Jambo moja kwanza, kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Tairi huchaguliwa kwa maji yaliyo barabarani. Maji yaliyo angani ni habari ya baadaye tu. Mvua inaweza kuwa inamwagika kwa nguvu huku lami ikiwa bado haijashiba, na inaweza kuwa imekatika dakika kumi zilizopita huku madimbwi yakiwa yametulia pale pale. Mgeni wa gemu hizi hutazama juu. Mzoefu hutazama chini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Gemu yenye hali ya hewa inayobadilika. Gemu rasmi za F1 (mbio za Formula 1), Gran Turismo 7 na Assetto Corsa Competizione zote zina mvua, na iRacing iliipata mwaka 2024. Hakikisha na uwanja wenyewe: kwenye Gran Turismo 7, mvua hainyeshi katika kila uwanja.
- Padi au usukani, chochote ulicho nacho. Usinunue kifaa kipya kwa ajili ya mvua.
- Daftari na kalamu. Nasema kweli. Bila namba zako mwenyewe utabaki kukisia.
- Saa moja ya mazoezi ukiwa peke yako, bila wapinzani.
- Vitufe vya menyu ya piti (kituo cha kando ya uwanja ambako gari hubadilishwa matairi) viwe vimekaa kichwani. Kwenye Assetto Corsa Competizione jua pia kitufe cha waipa na cha taa ya mvua, maana hivyo unaviwasha mwenyewe.

Hatua ya 1: Yajue matairi kwa jina na kwa kazi

Sliki ni tairi kipara. Halina mfereji hata mmoja, na kwenye lami kavu hiyo ndiyo nguvu yake, kwa sababu mpira wote unagusa barabara. Kwenye maji, upara huo huo unaligeuka. Maji hayapati pa kupita, yanabaki katikati ya mpira na lami, na gari linaelea kama mtumbwi.

Intamidieti ina mifereji ya kina kifupi. Ni tairi la lami iliyolowa bila kujaa madimbwi. Tairi la mvua kubwa lina mifereji ya kina kirefu, na kazi yake ni kusukuma maji mengi pembeni ili mpira uifikie barabara.

Tofauti ya haya mawili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa takwimu za Pirelli, watengenezaji wa matairi ya Formula 1, tairi lao la mvua kubwa huondoa lita 85 za maji kwa sekunde gari likiwa katika mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Intamidieti huondoa lita 30 katika mwendo huo huo. Kwa hiyo maji yakizidi uwezo wa intamidieti, hakuna ustadi wa mikono utakaoziba pengo hilo. Na maji yakipungua, lile tairi kubwa linakuwa mzigo: vipande vyake vya mpira vinacheza, vinapata joto kupita kiasi na kulika upesi.

Kwenye gemu za F1 rangi zinakusaidia. Kijani ni intamidieti, bluu ni mvua kubwa. Sliki ni nyekundu kwa laini, njano kwa wastani na nyeupe kwa gumu. Gran Turismo 7 nayo ina intamidieti na tairi la mvua kubwa. Assetto Corsa Competizione haina intamidieti kabisa: una tairi la lami kavu na tairi la mvua, basi. Hilo linaufanya uamuzi kuwa mgumu zaidi, kwa sababu hakuna daraja la katikati la kukanyaga.

Onyo: sliki laini si tairi la mvua. Wengi huweka zile nyekundu manyunyu yakianza, wakiamini kwamba tairi linaloshika zaidi kwenye ukavu litashika zaidi kwenye maji. Laini au gumu, kipara ni kipara. Na usichanganye tairi la wastani na intamidieti kwa sababu zote zinasikika kama "la kati". La wastani ni la ukavu. Nimeona watu wakiingia piti na kutoka na njano wakati walitaka kijani.

Hatua ya 2: Fanya jaribio na uandike namba zako

Chagua uwanja unaoujua vizuri na gari unalolipenda. Fungua mazoezi ya peke yako, kisha uendeshe hivi, mizunguko mitatu hadi minne kila mara, ukiandika wastani wa ile isiyo na kosa:

a) Lami kavu, sliki.
b) Manyunyu, sliki.
c) Manyunyu, intamidieti.
d) Mvua kubwa, intamidieti.
e) Mvua kubwa, tairi la mvua kubwa.

Kama gemu yako haina intamidieti, fanya b na c kwa sliki na tairi la mvua, kisha d uiruke.

Utagundua kitu cha ajabu kwenye manyunyu. Mizunguko ya mwanzo sliki itakuwa na kasi zaidi, kisha maji yanavyoongezeka nyakati zako zitapanda polepole, halafu ghafla zitapanda sana. Mahali pale pa ghafla ndipo tunapopatafuta. Andika muda wa mzunguko uliotangulia kuporomoka huko. Ikiwa kwenye ukavu unatumia dakika 1 na sekunde 30, na sliki zako zikaanza kukushinda ulipofikia dakika 1 na sekunde 38, basi 1:38 ndiyo kengele yako kwenye uwanja huo kwa gari hilo. Siku ya mashindano hutahitaji kujiuliza kama barabara "imelowa vya kutosha". Saa itakuambia.

Fanya na kinyume chake: anza na lami iliyolowa, mvua imekatika, ukiwa kwenye intamidieti, na uangalie nyakati zinavyoshuka mpaka zinapogoma kushuka zaidi. Watu wengi hawaifanyi sehemu hii, nami nawasihi waifanye, kwa sababu mbio nyingi za mvua huamuliwa wakati wa kurudi kwenye sliki.

Hatua ya 3: Pima gharama ya piti

Endesha mizunguko miwili ya kawaida na uijumlishe. Tuseme ni sekunde 92 mara mbili, jumla 184. Sasa endesha miwili mingine ukiingia piti mwishoni mwa wa kwanza, ubadilishe matairi, utoke, umalize wa pili. Tuseme jumla ni 206. Gharama yako ya piti ni sekunde 22. Iandike kwa maandishi makubwa juu ya ukurasa. Kila uwanja una gharama yake, kutegemea urefu wa njia ya piti na kikomo cha mwendo humo.

Hatua ya 4: Soma lami

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na nitakaa kidogo.

Anza na vipimo ambavyo gemu inakupa bure. Gran Turismo 7 ina kipimo kidogo cha unyevu wa barabara kwenye skrini, karibu na alama za matairi. Jifunze kukitupia jicho kwenye kila sehemu iliyonyooka. Assetto Corsa Competizione inakutajia hali ya barabara kwa neno, kutoka lami yenye utelezi mdogo, hadi yenye unyevu, hadi iliyolowa, hadi iliyofurika. Kwenye gemu za F1, injinia huzungumza nawe redioni. Msikilize, lakini usimwachie uamuzi: mara nyingi anakushauri baada ya wakati mzuri kupita.

Kisha soma kwa macho. Lami iliyoanza kulowa inakuwa nyeusi zaidi. Iliyolowa inang'aa. Iliyojaa maji inaakisi taa na magari kama kioo. Angalia pia gari lililo mbele yako: likirusha ukungu mwembamba nyuma ya matairi, hiyo ni kazi ya intamidieti. Likiwa limemezwa na wingu la maji hata huoni taa yake, fikiria tairi la mvua kubwa.

Halafu soma kwa mikono na miguu. Dalili ya kwanza ya sliki kuchoka na maji hutokea kwenye breki: pale ulipozoea kusimamisha gari kwenye alama ya mita 100, sasa linapitiliza. Ya pili ni kutoka kwenye kona za polepole. Ukigusa mafuta, mkia unatoka hata kwa giya ya tatu. Ya tatu ni mbaya zaidi: kwenye sehemu iliyonyooka usukani unakuwa mwepesi ghafla, kana kwamba umekatika. Hapo tairi linaelea, na muda wa kuamua umekwisha kupita.

Usihukumu kwa kona moja. Kona yenye dimbwi inaweza kukutisha huku sehemu nyingine zote zikiwa karibu kukauka. Tumia nyakati za sekta, yaani vipande vitatu ambavyo uwanja hugawanywa ili kupima muda: kama sekta moja imeharibika na mbili ziko sawa, vumilia kwa uangalifu. Zikiharibika mbili kati ya tatu, jiandae. Uwanja kama Spa-Francorchamps una urefu wa kilomita 7, na katika mashindano halisi inajulikana kwamba mvua huweza kunyesha upande mmoja na upande wa pili ukabaki mkavu.

Hatua ya 5: Soma utabiri, kisha uutilie shaka

Utabiri unakujibu swali moja tu: tairi nitakaloweka sasa litafaa kwa muda gani? Assetto Corsa Competizione inakuonyesha hali ya sasa, ya dakika 10 zijazo na ya dakika 30 zijazo. Gran Turismo 7 inakupa rada ya mawingu ya mvua. Ikuze ili uone wingu linakotoka, na upunguze ili ulione lililo nyuma yake. Kwenye gemu za F1 unapata asilimia za uwezekano wa mvua, na katika matoleo ya karibuni unaweza kuchagua kwenye mipangilio kama utabiri uwe kamili au wa kukadiria. Jua umechagua upi kabla ya kuuamini.

Geuza dakika kuwa mizunguko. Dakika 10 kwa uwanja wa dakika moja na nusu ni mizunguko sita na zaidi ya nusu. Hiyo ndiyo lugha ambayo hesabu inayofuata inaielewa.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Chukua tofauti ya kasi kati ya tairi ulilo nalo na tairi unalolitaka. Gawanya gharama ya piti kwa tofauti hiyo. Jibu ni idadi ya mizunguko unayohitaji ili piti ijilipe.

Mfano: gharama ya piti ni sekunde 22. Kwa namba zako za jaribio, kwenye hali hii intamidieti inaishinda sliki kwa sekunde 4 kila mzunguko. 22 gawanya kwa 4 ni mitano na nusu, kwa hiyo unahitaji mizunguko sita. Ikiwa imebaki kumi na mvua haiendi popote, ingia. Ikiwa imebaki mitatu, baki na upole wa mguu.

Lakini kama manyunyu yatapita na utalazimika kurudi kwenye sliki, gharama ni piti mbili, sekunde 44, na unahitaji mizunguko kumi na mmoja ya maji. Hapa ndipo wageni wengi hupoteza mbio zao: wanaikimbilia intamidieti kwa mvua ya dakika nne.

Kuna jambo moja ambalo hesabu hailioni, nalo ni gari lililotoka nje. Tofauti ikifika sekunde 8 au 10, haiko tena kwenye saa peke yake. Kila kona inakuwa bahati nasibu. Hilo lilionekana wazi kwenye mbio halisi ya Formula 1 huko Sochi, Urusi, Septemba 2021. Dereva Lando Norris alikuwa akiongoza, mvua ikaongezeka mizunguko michache kabla ya mwisho, yeye akabaki na sliki. Mpinzani wake Lewis Hamilton, aliyekuwa nyuma yake, akaingia kuchukua intamidieti. Norris akateleza nje na kumaliza wa saba. Hamilton akashinda mbio yake ya 100. Kwa mizunguko iliyokuwa imebaki, karatasi ingeweza kumtetea Norris kama mvua ingebaki ndogo. Haikubaki ndogo. Kwa hiyo ukipiga hesabu, tumia maji ya mzunguko ujao, si ya huu ulio nao.

Na kwenye gemu za F1, kama sheria kamili zimewashwa, kumbuka kwamba mbio kavu inakulazimu kutumia aina mbili za sliki. Ukitumia intamidieti au tairi la mvua kubwa, sharti hilo linaondoka. Wakati mwingine jambo hilo peke yake linaokoa piti nzima.

Hatua ya 7: Andaa piti kabla ya kuihitaji

Mara tu mawingu yanapojitokeza kwenye utabiri, fungua menyu ya piti kwenye sehemu iliyonyooka na uchague tairi. Usingoje mpaka uko kwenye kona ya mwisho na kidole gumba kikitafuta kitufe. Mimi nilipoteza ushindi wa ligi nzima kwa njia hiyo: niliingia kwa wakati sahihi kabisa, na menyu ikawa imebaki kwenye sliki za wastani kama mpango wa awali ulivyosema. Nilitoka na sliki mpya kwenye mvua, nikalazimika kuzunguka na kuingia tena.

Kwenye Assetto Corsa Competizione weka na upepo wa matairi. Tairi la mvua linafanya kazi vizuri likiwa karibu na psi 30 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) likishapata joto, juu ya lile la ukavu ambalo hutakiwa kuwa karibu na 26 hadi 27. Upepo unaouweka ni wa tairi baridi, na hewa ya nje ikishuka joto, nao unashuka: kadiri psi 0.1 kwa kila nyuzi moja. Mvua ikipoza barabara, ongeza kidogo.

Onyo: njia ya kuingilia piti nayo imelowa. Shanghai, 2007, Hamilton akiwa katika msimu wake wa kwanza aliingia piti na matairi yaliyolika kupita kiasi, akateleza kwenye kona ya kuingilia na kukwama kwenye kokoto. Mwisho wa msimu alikosa ubingwa kwa pointi moja. Kanyaga breki mapema kuliko unavyodhani, na usiguse mstari mweupe ukiwa na usukani umepinda. Rangi ikilowa inateleza kuliko lami.

Hatua ya 8: Mzunguko wa kwanza baada ya piti

Matairi yako ni baridi. Usihukumu chaguo lako kwa kona mbili za mwanzo. Subiri angalau mzunguko mmoja. Kanyaga breki mapema na taratibu, panda giya moja juu ya uliyoizoea kwenye kona za polepole, na uongeze mafuta kama unayeminya sponji.

Badilisha na njia. Kwenye gemu zinazoigiza mpira unaobaki barabarani, njia ya kawaida ya mbio imejaa mpira huo, na ikilowa inateleza. Jaribu kuzunguka nje kidogo ya njia hiyo, hasa katikati ya kona. Kwenye gemu nyepesi tofauti ni ndogo, kwa hiyo jaribu mara mbili na uiamini saa. Tuta za ukingoni ziache kabisa.

Hatua ya 9: Barabara inapokauka

Njia ya mbio hukauka kwanza, kwa kuwa magari yote yanapita hapo. Utaiona kama utepe mweupe katikati ya lami nyeusi. Ukiwa na matairi ya mvua, sasa adui ni joto. Kwenye sehemu zilizonyooka, toka kwenye utepe na upitishe matairi kwenye maji yaliyobaki ili yapoe. Kwenye kona rudi kwenye utepe. Tabia hii ndogo inaweza kukuongezea mizunguko kadhaa ya uhai wa tairi.

Kurudi kwenye sliki kunataka ujasiri zaidi kuliko kuziacha, kwa sababu utepe mkavu ni mwembamba na kila kosa linakupeleka kwenye maji. Kipimo changu: utepe uwe mkavu kwenye maeneo yote ya kukanyaga breki, hata kama pembeni kumelowa. Kama eneo moja tu la breki kubwa bado linang'aa, subiri mzunguko mmoja. Unaporudi, sliki laini ndiyo rafiki, kwa kuwa inapata joto upesi kwenye lami iliyopoa.

Ukichelewa, hasara ni kubwa. Hungary, Agosti 2021, mbio ilipoanzishwa tena baada ya kusimamishwa, magari mengine yote yaliingia piti kuchukua sliki na Hamilton akasimama peke yake kwenye mistari ya kuanzia akiwa na intamidieti. Mzunguko uliofuata ikabidi naye aingie, akatoka akiwa wa mwisho.

Mtu atanikumbusha Istanbul 2020, ambapo Hamilton huyo huyo aliendesha mizunguko 50 kwa seti moja ya intamidieti mpaka zikawa karibu vipara, akashinda mbio na ubingwa wake wa saba. Ni kweli. Lakini lami ile ilikuwa mpya, baridi na yenye utelezi, na haikukauka vizuri. Usiifanye kuwa kanuni. Kwenye gemu nyingi intamidieti kwenye lami iliyokauka hufa ndani ya mizunguko michache.

Kidogo kuhusu mpangilio wa gari

Ukiwa na ruhusa ya kurekebisha, gusa vitu vitatu tu mwanzoni. Ongeza bawa la nyuma na la mbele kidogo. Rudisha mgawanyo wa breki nyuma kwa asilimia moja au mbili, kwa sababu kwenye maji uzito hauhamii mbele kwa nguvu ile ile na matairi ya mbele hujifunga mapema. Pandisha kiwango cha msaada wa kuzuia tairi kuserereka. Mengine yaache mpaka uizoee mvua.

Matatizo yanayojitokeza sana

*Nina intamidieti na gari bado linaelea kwenye sehemu iliyonyooka.* Maji yamezidi lita ambazo tairi hilo linaweza kuzitoa. Chukua tairi la mvua kubwa, au kama imebaki mizunguko michache, pita pembeni ya madimbwi na upunguze mafuta kidogo unapoyavuka.

*Matairi ya mvua yanaonyesha rangi nyekundu ya joto.* Barabara inakauka au unayasukuma kupita kiasi kwenye kona. Tafuta maji kwenye sehemu zilizonyooka. Kama huyapati tena, wakati wa sliki umefika.

*Matairi hayapati joto kabisa.* Kwenye Assetto Corsa Competizione angalia upepo kwanza. Kwingineko, huenda umechagua tairi kubwa kuliko maji yaliyopo, au unaendesha kwa woga mno. Kanyaga breki kwa uthabiti zaidi kwenye sehemu iliyonyooka, ambako ni salama.

*Pua ya gari inaenda moja kwa moja, haikati kona.* Unaingia na mwendo mkubwa. Kupinda usukani zaidi kunaongeza tatizo. Nyoosha kidogo, subiri tairi lishike, kisha pinda tena.

*Wapinzani wa kompyuta wana kasi isiyoeleweka kwenye sliki huku mvua ikinyesha.* Kwenye gemu kadhaa magari ya kompyuta hayateswi na maji kama wewe. Usiwafuate kwa kuwaiga. Shikilia namba za daftari lako.

*Sioni kitu nyuma ya gari lingine.* Sogea nusu ya upana wa gari kando ya njia yake, na utumie alama za pembeni kujua pa kukanyaga breki badala ya taa zake. Kwenye Assetto Corsa Competizione hakikisha waipa zinafanya kazi, na washa taa ya mvua ili anayekufuata naye akuone.

*Nilichagua vibaya na imebaki nusu ya mbio.* Piga hesabu ya Hatua ya 6 upya ukiwa pale ulipo, kana kwamba mbio ndiyo inaanza. Sekunde zilizokwisha kupotea zisiingie kwenye hesabu hiyo. Na kabla hujaingia, tazama kama gari la usalama liko barabarani: likiwa limetoka, wote wanaenda polepole na piti inakugharimu kidogo kuliko zile sekunde ulizoziandika juu ya ukurasa.